Kadi nane za manila

Nilipokuwa na miaka sita, mama alinifundisha kulidanganya sikio.

Wa rika langu wanajua ninachosema. Kwetu Uru miaka ile hakuna aliyedai cheti cha kuzaliwa siku ya kuandikisha darasa la kwanza. Mwalimu mkuu alikusimamisha mbele ya meza, akakuambia upitishe mkono wa kulia juu ya utosi, uguse sikio la kushoto. Ukiligusa, umri umefika. Usipoligusa, rudi nyumbani, uje mwakani. Watu wanakicheka kipimo kile siku hizi, lakini hakikuwa cha kijinga. Mtoto mdogo ana kichwa kikubwa na mikono mifupi, na mikono haikiwahi kichwa mpaka anapokaribia miaka saba. Kwa mzazi asiyejua mwaka aliojifungua, ule mkono ndio uliokuwa cheti.

Mama alitaka nianze 1985, mwaka mmoja kabla ya wakati wangu, kwa kuwa dada yangu ndiye aliyekuwa akianza na angenishika mkono kwenye daraja. Basi kila jioni, akimenya ndizi, ananiita. "Shika sikio." Mkono haufiki. "Laza kichwa." Nalaza kichwa begani upande wa kulia, sikio la kushoto linapanda juu lenyewe, nalidaka. "Ehee. Lakini usilaze sana, ataona."

Siku ilipofika nililaza. Mwalimu mkuu hakusema kitu. Aliweka vidole viwili chini ya shavu langu, akakinyanyua kichwa taratibu mpaka kikasimama wima, na mkono wangu ukabaki unaelea hewani juu ya nywele. "Mama, mlete mwakani." Njia nzima ya kurudi mama alinisema mimi. Mwalimu hakumgusa hata kwa neno. "Si nilikwambia usilaze sana?"

Vidole vile viwili nilikuja kuvikumbuka karibu miaka thelathini baadaye, nikiwa nimekaa mezani upande wa wanaopima.

Mimi ni mwalimu wa chekechea, na Moshi mjini nimefundisha tangu 2003. Mwaka 2011 shule moja ya inglishi midiamu ilianza kuniita kila Novemba niwasaidie siku za intavyuu ya darasa la kwanza. Kazi yangu ilikuwa kumpokea mtoto mlangoni, kumfuta makamasi, kumkalisha, kisha kuandika alama kwenye fomu huku mwalimu mwenyewe akiuliza. Posho ilikuwa elfu kumi na tano na sahani ya pilau. Kwa mwalimu wa chekechea wakati ule, Jumamosi ya namna hiyo huikatai.

Maswali hayakuwa mengi. Jina, umri, unakaa wapi, unakaa na nani, baba anafanya kazi gani. Hilo la kazi ya baba lilinikera tangu siku ya kwanza, maana sikuona linampima nani. Halafu kuhesabu, kuchora mtu, kutaja rangi, yote kwa Kiingereza. Mwisho zilikuja kadi nane. Kila kadi ina mpangilio wa picha wenye pengo: duara, nyota, duara, nyota, duara, kisha nafasi tupu. Mtoto aseme kinachofuata. Zilikuwa kopi za kopi, zimetolewa kwenye kitabu ambacho hakuna aliyekumbuka jina lake, na kila mwaka zilikuwa zilezile, kwa mpangilio uleule, ndani ya bahasha ya kaki iliyofungwa kwa raba kwenye droo ya sekretari. Shule ilizieleza kwa wazazi kama kipimo cha kipaji, na kwenye fomu sehemu ile iliandikwa hivyohivyo: kipaji.

Mwaka wa kwanza sikufanya neno. Wa pili mzazi mmoja tunayesali naye alinidokeza: madam, wewe si unawajua wale, mwangalizie kidogo huyu wangu. Nikamwangalizia. Akapasi. Moshi ni mji mdogo, na kufika Oktoba ya 2013 nilikuwa na watoto saba sebuleni kwangu, mtaa wa Soweto hapahapa Moshi, kila mmoja elfu tatu kwa saa. Mwaka uliofuata nikaacha kuhesabu saa, nikaanza kutoza laki moja na nusu kwa wiki sita. Sikuwahi kutamka neno "uhakika". Wazazi walilitamka wao, mimi nikanyamaza, na kunyamaza kwangu kulikuwa kwenye bei.

Mama Junior alikuja kwa njia hiyo. Alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi mjini, mwanamke mwenye haraka, simu mbili mkononi. Junior si jina la mtoto, nimempa mimi.

"Madam, huyu ndiye wa kwanza," aliniambia. "Baba yake ameshawatangazia ndugu zake wote kwamba mtoto anaenda pale. Krismasi wanakuja nyumbani ukoo mzima. Nitawaambia nini?"

Usiku ule nilikata manila ya njano vipande vinane, nikachora zile kadi kutoka kichwani. Nilijiambia nachora mifano. Lakini mifano haifuatani kwa mpangilio wa bahasha ya sekretari, na mimi nilizipanga kwa mpangilio ule.

Naomba nieleze kazi yenyewe ilivyokuwa, kwa sababu tukisema "tuisheni" kila mtu anaona ubao na chaki. Nilitandika mkeka wa plastiki, nikamwaga vifuniko vya soda vya kuhesabia. Junior alipenda vifuniko. Angekaa saa nzima akivipanga vyekundu kwa vyekundu, vya machungwa kwa vya machungwa, akajenga kitu alichokiita stendi na kuviita vingine hiace. Ukimwangalia kwa makini, mle ndani mlikuwa na yote ambayo zile kadi zilidai kuyatafuta: kufananisha, kupanga, kuona pengo. Mimi nilivikusanya vifuniko, nikavirudisha kwenye kopo, kwa sababu tulikuwa na wiki sita tu. Nikainua kadi ya kwanza. "Nini kinafuata?" Hajui. "Nyota. Sema nyota." Anasema. Kadi ya pili, ng'ombe. Ya tatu, tatu. Ya nne, nyekundu. Ya tano, kushoto. Ya sita, pembetatu. Ya saba, mwavuli. Ya nane, saba. Yote kwa Kiingereza cha kukariri. Wiki ya tatu alikuwa anaitikia kabla sijageuza kadi, nami nikampa biskuti.

Tukaja kwenye maswali ya nyumbani. Junior siku za kazi alikuwa akilelewa na bibi yake Kiborloni, kwa kuwa wazazi walifunga duka usiku. Kichaga chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Mama yake akaniambia shule ikisikia mtoto amelelewa na bibi itaona hana Kiingereza nyumbani. Kwa hiyo nikamfundisha: ukiulizwa unakaa na nani, sema baba na mama.

"Na bibi?" akaniuliza.

"Bibi tutamtaja siku nyingine."

Alinitazama kama mtu aliyeambiwa afiche sahani ya mwenzake. Nimefundisha watoto zaidi ya miaka ishirini, na katika yote niliyowahi kumwambia mtoto, sentensi hiyo ndiyo ningeifuta kwanza kama ingefutika.

Siku ya intavyuu, Novemba 2014, asubuhi sekretari aliangusha bahasha. Kadi zikatawanyika sakafuni, akaziokota na kuzipanga jinsi mkono ulivyozikuta. Hakuna aliyejali. Mimi niliona, tumbo likanikata.

Kabla ya Junior aliingia binti mmoja, baba yake fundi gari. Alikuwa mkimya, viatu vimepigwa rangi mpaka vinanuka. Kiingereza alikuwa nacho cha salamu tu. Alipoonyeshwa kadi ya duara na nyota aliitazama, akanigeukia mimi na kuitazama sketi yangu ya kitenge. Akanyoosha kidole kwenye mshono wa pembeni. "Hapa fundi wako amekosea," akasema kwa Kiswahili. "Ua moja limeruka." Nikainama. Kweli, pale fundi alipounganisha kitambaa maua hayakufuatana, na mimi nilikuwa nimeivaa sketi ile miezi minne bila kuona. Mwalimu alicheka, akamrudisha kwenye kadi, akamwuliza tena kwa Kiingereza. Binti akainyooshea nyota kidole, jina lake hakulijua. Fomu ilitaka jibu la mdomo, kwa Kiingereza. Kwenye kadi nane alipata tatu, na aliyeiandika ile tatu ni mimi. Hapakuwa na mahali pa kuandika habari ya kitenge.

Junior akaingia. Shati jeupe, nywele zimenyolewa siku hiyohiyo. Maswali ya nyumbani aliyajibu kama redio: baba na mama. Zikaja kadi. Iliyotangulia ilikuwa ya ng'ombe. Akasema, "Nyota." Ya pili ilikuwa ya miavuli. Akasema, "Ng'ombe." Hakuwa anatazama. Alikuwa amekaza macho kwenye ukingo wa meza na kuyateremsha majibu moja baada ya jingine, haraka, kama anayeogopa yatamwagika, mpaka saba. Kisha akanitazama mimi, akingojea biskuti.

Mwalimu aliyekuwa akiuliza ni mtu mzima, wa kazi nyingi. Alikaa kimya kidogo. Akazitandaza kadi zote mezani, akaanza kuzihamisha moja moja kufuata alivyotaja mtoto, kama anayepanga karata, mpaka zikakaa kwenye mpangilio wa zamani. Akanitazama. Nilingoja aseme jina langu.

"Huyu amefundishwa vizuri," akasema. "Andika nane."

Nikaandika nane.

Mpaka leo sijui aliandikisha nini kichwani mwake: kumbukumbu nzuri ya mtoto, juhudi ya mzazi, au uwezo wa kulipa ada bila kusumbua. Sikumwuliza, kwa kuwa kumwuliza kungenifungua na mimi. Junior alipata nafasi. Binti wa fundi gari hakupata. Siwezi kudai ni kadi tu zilizomwangusha, watoto walikuwa wengi kuliko viti. Ila najua nilichoandika.

Niliyekuja kumwonea huruma zaidi ni yule aliyepasi. Darasa la kwanza lilifundishwa kwa mwendo wa watoto ambao fomu ilisema wapo, na fomu ilisema Junior ni wa nane kwa nane. Kufika Machi mama yake alinipigia: mwalimu wa darasa analalamika, mtoto anasubiri aambiwe jibu. Nikamfundisha tena, jioni, kwa malipo. Muhula wa pili akaanza kuumwa tumbo kila Jumatatu. Walimpima minyoo, wakampima typhoid, hawakuona kitu. Darasa la pili wakamhamishia shule nyingine isiyo na kelele nyingi, na tumbo likapona lenyewe. Kwa fedha ambayo mama yule alinilipa miaka miwili, angeweza kumwajiri mtu akae dukani ili yeye arudi nyumbani mapema. Hilo sikumwambia wakati ule. Nilikuwa nahitaji kodi.

Niliacha kwenda kwenye intavyuu mwaka 2015. Nilisema naumwa mgongo.

Mwaka 2017 nilijiunga na Chuo Kikuu Huria, nikisoma usiku, na huko ndiko nilikokutana na mtu ambaye ningependa kumwomba radhi. Alfred Binet, Mfaransa, pamoja na mwenzake Théodore Simon, walitoa mwaka 1905 kipimo cha kwanza cha akili cha namna tunayoijua leo. Nilidhani nitasoma habari za mtu aliyetafuta watoto bora. Sivyo. Kule Paris serikali ilitaka kuwajua watoto ambao darasa la kawaida linawashinda, ili wapate msaada wa pekee. Binet mwenyewe alikataa wazo kwamba akili ni kiasi kilichofungwa tangu kuzaliwa. Alikufa 1911, na miaka mitano baadaye, 1916, Lewis Terman wa Chuo Kikuu cha Stanford kule Marekani alikitoa kipimo hicho kwa sura mpya, naye aliamini akili ni ya kurithi na kwamba kazi ni kuwachambua wenye nyingi na wenye chache. Kilichotengenezwa kumtafuta anayehitaji mkono kikawa cha kumtafuta wa kufungiwa mlango. Nikiwa nasoma ukurasa ule, niliiona bahasha ya kaki.

Nikasoma pia kwamba hatuko peke yetu. New York kwa miaka mingi iliwapima watoto wa miaka minne ili kuwapata wa kuingia madarasa ya vipaji, na palepale pakazuka biashara ya vitabu vya mazoezi na walimu wa kukodi, kwa bei ambayo ningeona aibu kuitaja kwa shilingi. Mwaka 2021 jiji liliachana na mtihani ule. Mwenzangu mmoja wa darasani alisema, "Kumbe na wao wana Soweto yao." Tulicheka sana.

Lakini somo lililonikaa lilikuwa la hapahapa kwetu. Mwaka 2002 ulitolewa utafiti wa Robert Sternberg, Elena Grigorenko na wenzao, wakiwemo Watanzania, uliofanywa kwa watoto wa shule za karibu na Bagamoyo. Waliwapa watoto majaribio ya kufikiri, moja likiwa ule mchezo wa kugundua kitu kwa maswali yasiyozidi ishirini. Kisha wakawafundisha namna ya kuyaendea majaribio hayo, kwa muda usiofika saa moja, wakawapima tena. Kundi jingine lilipimwa mara mbili bila kufundishwa. Waliofundishwa walipanda. Kilichonishika zaidi ni kwamba aliyekuwa juu mara ya kwanza si lazima ndiye aliyekuwa juu mara ya pili, na alama za baada ya somo ndizo zilizoelekeana vizuri zaidi na uwezo wa mtoto kwenye vipimo vingine. Kwa maneno mengine, ukimpima mtoto kwa kitu asichowahi kukiona, unapima kama aliwahi kukiona. Mfundishe kwanza, halafu mpime, ndipo unaanza kumwona yeye.

Hapo nilikaa na kalamu mkononi muda mrefu. Nilikuwa nimejihukumu kwa kufundisha, kumbe kufundisha hakukuwa na kosa. Wale wa Bagamoyo walifundisha kila mtoto wa kundi, mbele ya wote, namna ya kufikiri. Mimi niliuza jibu, sebuleni, kwa watoto wachache, na nikaenda kuwaandikia alama mwenyewe. Binti wa fundi gari angepewa nusu saa na zile kadi kwa lugha anayoijua, ningependa kuona kama angeshindwa na yeyote.

Wazazi siwabezi. Baba mmoja, dereva wa magari ya watalii, aliwahi kunijibu nilipomkatalia: "Madam, wewe unaongea maadili. Shule ndiyo iliyoweka mtihani, si mimi. Nikimwacha wangu aende mikono mitupu, wa jirani ameshapikwa, nitakuwa nimemwadhibu mwanangu ili mimi nionekane mwema." Sikuwa na jibu zuri, na bado sina. Tangu elimu bila malipo ilipoanza 2016 shule za kayumba, yaani za serikali, zilipokea watoto wengi mno, jambo jema, lakini yapo madarasa ambayo mwalimu hamalizi kuita majina kabla kipindi hakijaisha. Mzazi anayekimbia darasa la namna hiyo si mjinga wala si mwenye majivuno. Wengine wanatazama mbali zaidi: nimeshaambiwa na mama mwenye mtoto wa miaka mitano kwamba anamwandaa kwa ajili ya sekondari ya Ilboru. Nilimwambia Ilboru, kama zilivyo Kibaha, Mzumbe, Kilakala na nyingine za vipaji maalumu, inachukua kwa matokeo ya darasa la saba, na mtoto wake bado anaogopa kwenda chooni peke yake. Akanijibu, "Ndiyo maana tunaanza mapema."

Lawama naanza kuiweka kwa shule. Shule inayochuja watoto wa miaka sita mlangoni, kisha ikatundika bango kwamba wanafunzi wake wote wana A, imejisifu kwa kazi ya chujio. NECTA, baraza la mitihani la taifa, walipoacha kutangaza shule kumi bora, Januari 2023, nilidhani joto litashuka. Kwenye intavyuu za wadogo sikuona tofauti yoyote. Mabango yaliendelea kutundikwa na makundi ya WhatsApp ya wazazi yalishaanza kupanga orodha zao wenyewe.

Nilijaribu jambo moja. Nilikwenda kwa mkuu wa ile shule, mwingine, yule wa zamani alishastaafu, nikamweleza habari za kadi bila kuficha sehemu yangu. Nilimwomba wawape watoto wote dakika ishirini za kucheza na kadi za mfano, mwalimu akiwaelekeza kwa Kiswahili na Kiingereza, ndipo waanze kuwapima. Pia wafute swali la kazi ya baba. Alinisikiliza vizuri, akaniagizia chai. Novemba ile walifanya. Swali la baba lilifutwa na halijarudi. Dakika ishirini zilifanywa mwaka mmoja, mwaka uliofuata zikaachwa, kwa sababu, aliniambia kwa upole, Jumamosi haitoshi na wazazi wanaegesha magari mpaka barabarani.

Bado nafundisha nyumbani. Ningesema niliacha ningekuwa nadanganya, na ada ya chuo isingejilipa. Nimebadilisha kinachofanyika mkekani. Mzazi akija namwuliza kwanza mtoto anacheza nini asipoangaliwa, na wengi hawana jibu, wananitazama kama nimeuliza bei ya roho. Vifuniko vya soda havirudi kwenye kopo mpaka mtoto aamue. Namzoesha kukaa na mtu mgeni, kusema "sijui" bila kulia, kuomba swali lirudiwe, kushika penseli. Kadi natengeneza mpya kila wiki, na nazichanganya makusudi. Siku hizi wanaokuja ni wachache, maana walimu wenye maswali yenyewe wapo na hawajifichi. Wa mtaani wasio na hela wanaingia tu, mlango uko wazi, ingawa nikiri huwa nawakaribisha zaidi siku ambazo sijachoka. Na bibi, kama yupo, anatajwa. Mtoto akiniambia anakaa na bibi namwuliza bibi anapika nini.

Mama yangu, ambaye sasa naishi naye, hukaa kwenye kiti cha barazani akiwatazama. Nilipomsimulia haya yote ya kadi alifikiri kidogo. "Mimi sikukufundisha vibaya," akasema. "Wewe ulilaza sana."

Julai hii nilikuwa naingia stendi kuu kununua vocha, nikasikia, "Madam!" Kijana mrefu, sweta ya shule, yuko na wenzake wanne wanakula karanga. Sikumtambua mpaka alipocheka. Junior yuko kidato cha nne. Anataka kusomea umeme. Bibi yake alifariki mwaka juzi, na anaongea habari zake kwa raha, anasema bado anaota ndoto kwa Kichaga. Nilimwuliza kuhusu tumbo, hakukumbuka kama aliwahi kuumwa.

"Jamani, huyu ndiye aliyenifundisha zile kadi," akawaambia wenzake. "Ngoja muone." Akasimama wima, mikono nyuma, macho akayakaza mahali fulani juu ya bega langu. Kwa Kiingereza kilekile, kwa kasi ileile: nyota, ng'ombe, tatu, nyekundu, kushoto, pembetatu. Akakwama. Akafumba macho, akapiga vidole. Wenzake wanamcheka, mmoja amemtolea simu anamrekodi.

"Mwavuli," nikasema.

"Mwavuli! Saba!" akamalizia, na akanyoosha kiganja akinidai biskuti.